Kinachobaki Kifuani Moshi Ukishapita

Kazi yangu ni kusoma makohozi. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita nikitafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye vioo. Siku hizi mgonjwa mpya hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, lakini aliyeanza dawa bado tunamfuatilia kwa hadubini. Kohozi hupakwa kwenye slaidi, likakaushwa, likapitishwa juu ya moto, likatiwa rangi nyekundu, likaoshwa kwa asidi, mwisho likatiwa bluu. Kijidudu cha TB hung'ang'ania wekundu wake. Vingine vyote hugeuka bluu.

Ila kuna kitu kimoja hakigeuki. Katikati ya ile bluu huwa naziona seli kubwa za duara, kiini kimekaa upande, na tumboni mwake punje nyeusi tititi. Rangi zetu hazikuziweka pale. Zimekuja nazo kutoka kifuani. Seli hizo ni makrofeji, walinzi wa mapafu, na sisi wa maabara hufurahi kuziona kwa sababu zinathibitisha kuwa mgonjwa amekohoa kweli, hakututemea mate. Zile punje ni masizi. Nimeziona kwa wavuta sigara, kwa madereva wa malori, na zaidi ya wote kwa akina mama wanaopika. Fomu ya majibu haina nafasi ya kuziandika. Inauliza kama TB ipo au haipo, basi.

Nataka kueleza hapa zile punje zinafanya nini baada ya kumezwa, maana nimegundua kwamba watu wengi, hata wenye elimu nzuri, wanadhani moshi huudhuru mwili kwa sumu yake tu. Sumu imo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya madhara hufanywa na mwili wenyewe, na askari wake wenyewe, wakipambana na adui asiyeuawa.

Tuanze na udogo. Hadubini yangu, hata kwa lenzi kubwa kabisa na tone la mafuta juu ya slaidi, haiwezi kuonyesha kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa 7,000 na ushee. Kirusi cha UVIKO-19 ni kama 100. Masizi ya jikoni hutoka motoni yakiwa vijipira vya nanomita 20 hadi 50, kisha vijipira hivyo hushikana na kuwa minyororo na vichala. Chochote kilicho kati ya nanomita 1 na 100 ndicho wataalamu hukiita chembe nano. Kwa hiyo kila punje nyeusi ninayoiona kwenye kioo ni lundo la chembe nano nyingi sana zilizokusanywa ndani ya seli moja. Chembe moja moja sijawahi kuiona na sitaiona kwa kifaa nilicho nacho.

Shangazi yangu ni mama lishe karibu na stendi ya Msamvu. Wali, maharage, ugali, samaki, chai ya alfajiri. Yote juu ya mkaa. Siku moja nilipita kumsalimia nikitoka kazini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae huku, huko utapigwa na moshi wa mwenzangu wa kuni. Mimi mkaa wangu hauna moshi."

Alisema kwa fahari, na kwa macho yetu alikuwa sahihi kabisa: jiko lake lilikuwa jekundu, hewa juu yake safi. Ni imani ya nchi nzima hiyo, kwamba moshi ni ule unaotoa machozi. Lakini jicho huuona moshi kwa sababu chembe zake ni kubwa kiasi cha kuutawanya mwanga, na mawimbi ya mwanga yenyewe yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Chembe ya nanomita 30 karibu haiugusi mwanga. Hewa inaweza kuonekana imetakata na bado ikawa imejaa chembe nano tele, hasa wakati mkaa unapowashwa na mafuta yanapokaangwa. Mkaa hutoa masizi machache kuliko kuni, hilo ni kweli, ingawa kaboni monoksaidi yake ni nyingi na imeua familia zilizolala na jiko ndani. Hata gesi ya mtungi hutoa chembe nano, japo masizi yake ni kidogo mno. Kibaya kuliko vyote kwa kipimo hiki ni koroboi. Watafiti walipoipima mwaka 2012 walikuta asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua kwenye utambi wa wazi hugeuka kuwa kaboni nyeusi tupu. Wengi wetu tumesomea chini ya taa hiyo, daftari karibu na pua.

Vumbi kubwa, kama la barabarani, hunaswa puani na kooni. Mirija ya hewa imepakwa ute, na vinyweleo vidogo mno huusukuma ute huo kuja juu usiku na mchana; ndiyo maana ukifagia uwanja, kesho yake unapenga kamasi jeusi. Chembe nano hazinaswi kwa urahisi hivyo. Zinaelea, zinasukwasukwa na molekuli za hewa, zinafika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vya hewa. Vifuko hivi ni mamia ya mamilioni, na ukivitandaza vyote unapata eneo la mita za mraba 70 au zaidi. Kuta zake ni nyembamba kupita kiasi kwa sababu ndipo oksijeni inapovuka kuingia kwenye damu. Huko hakuna ute wa kusukumwa wala vinyweleo. Msafishaji ni makrofeji, karibu peke yake.

Aliyetufundisha kwamba kuna seli zinazokula ni Mrusi Élie Metchnikoff. Mwaka 1882 alikuwa Messina, mji wa pwani huko Sicily, akichunguza lava wa kiti cha pweza, ambao miili yao inapenya mwanga kama kioo. Alichukua miiba kutoka bustanini akaichomeka ndani ya lava hao, akasubiri hadi asubuhi. Akakuta seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba, zikijaribu kuumeza. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Mwiba ule nauona ni mfano uliokamilika wa jambo zima. Ukichomwa na mwiba mguuni, pale mahali panakuwa pekundu, panapata moto, panavimba, panauma. Mwiba wenyewe haukuleta joto lile. Ni damu na seli zako zilizokimbilia pale. Huo ndio uvimbe nitakaouzungumzia hapa, wala si uvimbe wa saratani, na bila huo hakuna jeraha ambalo lingepona.

Sasa tuifuate chembe moja ya masizi. Inapotua kwenye unyevu wa kifuko cha hewa haikai uchi. Ndani ya muda mfupi sana protini na mafuta ya pale huivika vazi. Makrofeji haina macho. Inapapasa kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake, na inachokipapasa kwanza ni lile vazi. Ikiridhika kwamba ni kitu kigeni, ngozi yake hubonyea, hukizunguka, na kukifunga ndani ya kifuko. Kifuko hicho huungana na kifuko kingine kiitwacho lisosomu, chenye asidi kali na vimeng'enya vya kusaga karibu kila kitu kilicho hai. Bakteria akiingia humo huyeyuka. Kaboni haiyeyuki, silika haiyeyuki, asbesto haiyeyuki.

Nini hutokea seli ikishindwa kumeng'enya ilichomeza? Jibu lilipatikana juzi tu, kwa hesabu ya sayansi. Mwaka 2002 kundi la Jürg Tschopp wa Lausanne, Uswisi, lilieleza juu ya mtambo fulani wa protini ndani ya seli na kuuita inflamasomu. Mwaka 2006 kundi hilo hilo likaonyesha kwamba fuwele za asidi ya yuriki, zile zinazosababisha jongo kwenye kidole gumba cha mguu, huuwasha mtambo huo. Mwaka 2008 timu yake na timu nyingine zilizofanya kazi mbali naye zikaonyesha kwamba fuwele za silika nazo huuwasha, na asbesto vilevile. Madaktari walikuwa wamejua kwa vizazi vingi kwamba vumbi la mawe linaua wachimbaji. Sasa tukajua seli inavyolipokea vumbi hilo.

Inakwenda hivi. Fuwele kali huipasua lisosomu kutoka ndani. Vimeng'enya vyake, kimoja kikiitwa kathepsini B, huvujia mwilini mwa seli. Madini ya potasiamu, ambayo seli huyahifadhi kwa wingi ndani yake, yanaanza kutoka nje. Mitokondria huchafuka na kumwaga molekuli kali za oksijeni. Protini iitwayo NLRP3 huuhisi mchafuko huo, hujikusanya na wenzake, na ndani ya seli hutokea kidoa kimoja, kimoja tu kwa kila seli, chenye upana wa kama maikromita moja. Kidoa hicho kikipakwa rangi inayong'aa huonekana waziwazi kwenye hadubini maalumu. Nimekiona kwenye picha za majarida, na kila mara nastaajabu: seli nzima imeamua, na uamuzi wake una mahali pake unapoweza kupaonyesha kwa kidole.

Kutoka kwenye kidoa hicho kimeng'enya kaspasi-1 huanza kukata. Hukata protini iliyokuwa imelala na kuigeuza kuwa interlukini-1 beta, mjumbe mkali kuliko karibu wote wa mfumo wa kinga. Hukata protini nyingine, gasdemini D, ambayo vipande vyake hutoboa matundu kwenye ngozi ya seli yenyewe. Mjumbe anatoka kupitia matundu hayo. Mishipa midogo ya damu hutanuka, homa huweza kupanda, na seli nyingine ziitwazo neutrofili humiminika kuja kusaidia. Neutrofili wana haraka. Wanamwaga vimeng'enya na kemikali za kuua bakteria, lakini hapa bakteria hayupo, na kinachoungua ni nyama laini ya pafu. Ile makrofeji iliyotobolewa huvimba na kupasuka.

Ndipo linakuja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Seli imekufa, lakini chembe haijafa. Imeachwa pale pale, nzima, tayari kumezwa na makrofeji nyingine, ambayo nayo itashindwa, itaita wenzake, itapasuka. Kwa mgonjwa wa silikosisi mzunguko huu huendelea miaka mingi baada ya kuacha mgodi. Pafu likichoka kujitengeneza hujaza makovu, na kovu halipitishi oksijeni. Kule Mererani, kwenye tanzanite, wachimbaji wanatoboa mwamba ndani ya mashimo finyu na vumbi lake lina silika. Tafiti zilizofanyika huko zimekuta viwango vilivyo juu sana ya vinavyokubalika. Vumbi la mgodini lina chembe nyingi zilizo kubwa kuliko nano, lakini mlango unaogongwa ni ule ule.

Masizi ya jikoni si makali kama silika, na lazima niwe mkweli juu ya hilo. Kwa silika na asbesto njia ya inflamasomu imethibitishwa vizuri. Masizi hutumia zaidi njia ya pili. Chembe ya masizi imebeba juu yake kemikali za lami na chembechembe za madini kama chuma, na hizi huzalisha zile molekuli kali za oksijeni ndani ya seli. Seli ikisongwa nazo, huamsha swichi iitwayo NF-kapa-B, ambayo huingia kwenye kiini chake, na jeni za uvimbe huanza kusomwa. Tena moshi wa kuni na samadi hubeba endotoksini, yaani vipande vya ngozi ya bakteria. Vipimo vilivyochukuliwa kwenye nyumba za Malawi na Nepal vilizikuta kwa wingi. Hili ni muhimu, kwa sababu inflamasomu kwa kawaida haiwaki kwa ishara moja. Ishara ya kwanza, mfano endotoksini, huitayarisha seli na kuijaza interlukini iliyolala. Ya pili, mfano lisosomu iliyopasuka, ndiyo huiamsha. Moshi wetu unaweza kuingia na ishara zote mbili kwa pumzi moja.

Kwa nini udogo uwe na uzito kiasi hiki? Pilipili moja ukiitumbukiza nzima kwenye mchuzi utapata harufu yake. Ukiisaga, pilipili ile ile, walaji watatokwa jasho. Kinachogusa mchuzi ni uso wake, na kuisaga kumeuzidisha uso mara nyingi. Kipande cha kitu chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande, kina uso wa sentimita za mraba 6. Kikate kiwe vidadu vya nanomita 10 na uso wake unakuwa mita za mraba 600, uzito ukiwa ni ule ule. Günter Oberdörster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliwavutisha panya vumbi la oksidi ya titani, dutu ile ile nyeupe inayotiwa kwenye rangi za ukuta, kundi moja likiwa na chembe za nanomita 20 na lingine 250. Chembe ndogo zilileta uvimbe mkubwa zaidi na zilikaa mapafuni muda mrefu zaidi. Dutu hiyo ilidhaniwa haina madhara yoyote. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 2022.

Umbo nalo lina lake. Nyuzi ndefu na ngumu za kaboni, zinazotengenezwa viwandani, zilipowekwa tumboni mwa panya na watafiti wa Edinburgh mwaka 2008, zilifanya kama asbesto: makrofeji ilijaribu kumeza uzi mrefu kuliko yenyewe, ikashindwa kufunga mdomo, na vimeng'enya vikamwagika nje.

Na si zote zinazobaki mapafuni. Huko huko Edinburgh, watafiti waliwaomba watu 14 wenye afya wavute chembe nano za dhahabu, ambayo haidhuru na hupimika kwa urahisi. Kwa baadhi yao dhahabu ilionekana kwenye damu ndani ya dakika 15. Miezi mitatu baadaye bado ilikuwa ikipatikana kwenye damu na mkojo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017, na tangu niyasome sijashangaa tena kwa nini moshi unahusishwa na kiharusi na shambulio la moyo.

Sasa nirudi kwa seli zangu nyeusi. Watafiti wa Malawi na Liverpool walichukua makrofeji na kuzipa chembe za moshi wa kuni maabarani. Kadiri chembe zilivyoongezwa, ndivyo seli zilivyotoa wajumbe wa uvimbe, na ndivyo uwezo wake wa kushughulika na vijidudu ulivyoharibika. Yaani seli iliyoshiba masizi inapiga kelele na wakati huo huo haifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa jikoni karibu unaongeza maradufu hatari ya mtoto kupata maambukizi ya njia ya chini ya hewa, nimonia ikiwemo. Mtoto aliye mgongoni kwa mama anavuta hewa ile ile ya mama, kwa mapafu ambayo bado yanakua. Huko Leicester, Uingereza, mwaka 2006 walipima weusi ndani ya makrofeji za watoto wenye afya, wasio na pumu, na wakakuta kadiri seli zilivyokuwa na kaboni nyingi ndivyo mapafu yalivyokuwa na nguvu ndogo. Hao ni watoto wa mji wenye majiko ya gesi na umeme. Weusi wao ulitoka barabarani.

Umri nao unajumlisha. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza tezi za limfu kutoka kwa watu 84 waliochangia viungo. Tezi za karibu na mapafu zilizidi kuwa nyeusi kadiri mtu alivyokuwa mzee, na makrofeji zilizobeba weusi huo zilikuwa zimepungukiwa uwezo wa kupambana. Tezi za tumboni za watu hao hao zilikuwa safi.

Mtu atauliza: kama tatizo ni kengele ya uvimbe, si tuizime kwa dawa? Ilijaribiwa. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2017, watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa sindano za kanakinumabu, dawa inayomzuia yule mjumbe interlukini-1 beta, au maji yasiyo na dawa. Kwa kipimo cha miligramu 150 mashambulio na vifo vya moyo na kiharusi vilipungua kwa asilimia 15, jambo lililothibitisha kwamba uvimbe ni mshiriki wa kweli. Lakini waliokufa kwa maambukizi waliongezeka, na jumla ya vifo haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Anayeziba mdomo wa mlinzi humpa mwizi nafasi.

Kwa mzazi anayesoma hapa na kuanza kuogopa kliniki, nina neno. Chanjo nyingi hutumia kengele hii hii kwa faida. Mwaka 1926 Alexander Glenny, Mwingereza, aligundua kwamba chumvi za alumini huifanya chanjo ya dondakoo iamshe kinga vizuri zaidi, na chumvi hizo zimo kwenye chanjo ya pentavalenti ambayo mtoto wako huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wanasayansi bado wanabishana kama inflamasomu ina nafasi kubwa kiasi gani hapo. Chanjo za mRNA za UVIKO-19 nazo zilifungwa ndani ya chembe nano za mafuta zenye ukubwa wa karibu nanomita 100. Maumivu ya bega na homa ya siku moja au mbili ni kinga ikiamka. Mafuta yale huvunjwa na mwili, alumini ya kwenye sindano ni kidogo na huondoka polepole, na kengele hunyamaza. Masizi hayavunjwi, na kesho alfajiri jiko linawashwa tena.

Shangazi nilimweleza haya yote kwa maneno yake. Alinisikiliza akigeuza samaki, kisha akaniuliza swali la mtu mwenye biashara: "Sasa nifanye nini, na maharage yanataka saa tatu motoni?" Nilimjibu kwa yale ninayoyaamini. Jiko liwashiwe nje, mbali na watoto, na lisiletwe karibu na meza mpaka liwe jekundu. Mifuko ya plastiki isiwe kiberiti, maana moshi wake una kemikali mbaya zaidi. Maharage yalowekwe usiku ili saa tatu ziwe moja na nusu. Kitenge puani hakizuii chembe nano. Huo ni ulinzi wa roho tu. Barakoa ya N95 inazizuia, lakini nani atapika siku nzima nayo kwenye joto la Morogoro? Chai na wali anaweza kuvihamishia kwenye gesi, na amevihamisha. Shida ni kujaza mtungi: mkaa unanunua wa kopo, wa leo tu, gesi inataka fedha ya mkupuo.

Ndiyo maana siwezi kuridhika na kuwaambia akina mama wajilinde. Nchini Malawi majiko banifu ya kuni yaligawiwa katika utafiti uliohusisha vijiji 150 na watoto zaidi ya 10,000, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba nimonia kwa watoto haikupungua. Moshi uliopungua kidogo bado ulikuwa mwingi. Serikali yetu ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, na nitalipima kwa jambo moja: kama mama lishe ataweza kununua gesi ya elfu moja moja kama anavyonunua mkaa.

Jambo la mwisho ni la kipimo, na hapa naongea kama mtu wa maabara. Vipima hewa vingi hupima uzito wa vumbi katika kila mita ya ujazo. Chembe nano hata zikiwa nyingi mno hazina uzito wa kuonekana humo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishauri nchi zianze kuzihesabu: chini ya chembe 1,000 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa wastani wa saa 24, ni hewa nzuri, zaidi ya 10,000 ni mbaya. Vifaa vya kuhesabu vipo. Kikija cha kwanza Morogoro, wenye mamlaka watataka kukifunga juu ya paa la ofisi fulani au kwenye mzunguko wa barabara kuu. Naomba kifungwe Msamvu kwa mama lishe, kimo cha mtoto aliyebebwa mgongoni, saa kumi na moja alfajiri, mkaa unapowashwa.